Kisumu Katika Kabati za Ugenini

Mtu anayetaka leo kusoma kile ambacho tume ya serikali ya Kenya iliandika kuhusu damu iliyomwagika Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969 hana haja ya kupanda basi kwenda Nairobi. Atafungua simu yake, hata akiwa ameketi kwenye ufuo wa Dunga akisubiri samaki, na simu itampeleka Marekani, kwenye hazina ya kidijitali ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle. Huko ndiko zilikowekwa juzuu za ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Tovuti ambayo tume yenyewe ilikuwa nayo wakati wa kazi yake haikudumu baada ya tume kuvunjwa. Ripoti ilisalimika mtandaoni kwa sababu mmoja wa makamishna, Ronald Slye, alikuwa profesa wa sheria katika chuo hicho, na chuo kikakubali kuitunza.

Nasema hivyo kwa shukrani, na pia kwa uchungu. Maana hii si mara ya kwanza kwa kumbukumbu za Kisumu kulala ugenini.

Reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wakati huo upande huu wa ziwa haukuwa sehemu ya himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuwa Kenya. Ulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Ulihamishwa mwaka 1902. Kwa hiyo barua za kwanza za kiserikali zilizoandikwa kuhusu Wajaluo, Waluhya na Wanandi wa eneo hili zilipelekwa Entebbe, na huko Uganda ndiko zilikobaki. Mwanahistoria wa Nyanza anayetaka kuanza mwanzo huanza kwa kuvuka mpaka.

Baada ya hapo mafaili yalianza kurundikana Kisumu kwenyewe, makao makuu ya mkoa wa Nyanza: ripoti za mwaka za maofisa wa wilaya, kesi za mipaka ya ardhi, hesabu za kodi ya kibanda, malalamiko ya machifu na malalamiko dhidi ya machifu. Nakala za mengi ya hayo zilikuwa zikipelekwa Nairobi. Mwaka 1939 moto uliteketeza ofisi kuu ya serikali ya kikoloni jijini humo, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za serikali kuu ikawa majivu. Kuanzia siku hiyo karatasi zilizokaa mikoani, ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa za maana sana, zikageuka kuwa ndizo zenye habari. Kilichokuwa nakala ya pembeni kikawa cha pekee.

Kenya huru ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mwaka 1965. Katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilifanya mpango wa kupiga maikrofilamu nyaraka za hifadhi hiyo, zikiwemo za Mkoa wa Nyanza. Karatasi kwa karatasi ziliwekwa chini ya kamera, mikanda ya filamu ikasafirishwa Marekani. Asili zilibaki Kenya. Ndiyo maana hadi leo mwanafunzi aliyeko Syracuse, mji wa theluji, anaweza kusoma barua aliyoiandika ofisa wa wilaya kuhusu nzige wa Nyanza.

Waingereza nao walikuwa na mpango wao. Kenya ilipokaribia kupata uhuru mwaka 1963, mafaili yapatayo 1,500 yaliondolewa nchini kimyakimya na kupelekwa Uingereza. Hayo hayakunakiliwa, yalichukuliwa. Serikali ya London ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, baada ya wazee waliopitia kambi za kizuizini enzi za Mau Mau kuipeleka mahakamani. Mafaili hayo na mengine ya makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jumba la serikali liitwalo Hanslope Park. Yalipofunguliwa, kesi iligeuka, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa waathiriwa zaidi ya 5,000.

Tuweke njia hizo mbili pamoja, ya Syracuse na ya Hanslope, kwa sababu yote yanayofuata yanazihusu. Kunakili huongeza idadi ya mahali ambapo ukweli unaweza kupatikana. Kuhamisha huipunguza, na humkabidhi mtu mmoja ufunguo.

Siku ya tarehe 25 Oktoba 1969 ilikuwa Jumamosi. Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kuu mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, ile ambayo wakazi wanaiita Russia mpaka leo ingawa ubao wa langoni una jina la Jaramogi Oginga Odinga. Mji ulikuwa bado na msiba. Tom Mboya, waziri Mjaluo, alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huohuo. Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, alikuwepo mkutanoni. Yeye na Kenyatta walirushiana maneno makali hadharani, umati ukapiga kelele, na msafara wa rais ulipokuwa ukiondoka walinzi wake walifyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Watu wa Kisumu wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi tangu siku hiyo, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo watoto. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini.

Ni nani angeandika? Redio ilikuwa ya serikali. Wahariri wa magazeti walijua mpaka wao uko wapi. Sauti za mkutano ule zilirekodiwa, na vipande vyake vinasikika leo mtandaoni, vimepakiwa na watu ambao mara nyingi hawaelezi walivitoa wapi wala kama vimekatwa. Kilichobaki mjini kilikuwa simulizi: mama aliyeona, kaka aliyebeba maiti, mwalimu aliyefunga shule. Nyanza haikuwa na uhaba wa watu wanaojua thamani ya simulizi. Profesa Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem, alikuwa amekwisha kuthibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Wajaluo wa kusini kwamba masimulizi ya wazee yakikusanywa kwa nidhamu na kulinganishwa ni ushahidi wa kihistoria sawa na karatasi. Baadaye alianzisha shirika la uchapishaji, Anyange Press, papo hapo Kisumu. Ogot alifariki Januari 2025. Kazi zake zimo vitabuni. Lakini simulizi nyingi za 1969 zilikufa na wenyewe, bila kalamu wala kinasa sauti.

Intaneti ilipokuja, wengi tuliamini kwamba tatizo hilo limekwisha. Kila mtu angeandika, na kilichoandikwa kingebaki. Kenya ilipata kikoa chake cha .ke mwaka 1993, na taasisi ya kukisimamia, KENIC, ikaanza kazi muongo mmoja baadaye. Dalili kwamba mambo hayangekuwa rahisi zilionekana mapema. Tovuti ya Bunge la Kenya ilifungwa baada ya baadhi ya wabunge kukasirishwa na kuchapishwa kwa wasifu wao. Mwaka 2006 Ory Okolloh na Conrad Akunga wakaanzisha Mzalendo, tovuti ya kiraia ya kufuatilia kazi za wabunge, ili mwananchi asibaki gizani kwa sababu tu mwenye swichi ameamua kuizima.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Kisumu iliwaka. Maduka ya Oginga Odinga Street yalichomwa na kuporwa, na polisi wakatumia risasi za moto. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyokabidhi ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, na kwa upande wa Nyanza ikaeleza kuwa wengi wao walikufa kwa risasi.

Tofauti na 1969, safari hii palikuwa na kamera. Tarehe 16 Januari 2008, siku ya kwanza ya maandamano yaliyoitishwa na chama cha upinzani cha ODM, mpigapicha wa televisheni ya KTN alikuwa Kondele, mtaa wa Kisumu. Alinasa polisi akiwakimbiza vijana waliokuwa wakimkejeli, akifyatua bunduki, kijana akianguka, na polisi huyohuyo akirudi kumpiga teke aliyelala chini. Vijana wawili walikufa. Picha hizo zilirushwa kwenye televisheni, zikaingia mtandaoni, zikaizunguka dunia. Konstebo mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia. Hoja kubwa ilikuwa bunduki: namba ya ile iliyofanyiwa uchunguzi wa kitaalamu haikulingana na namba ya ile aliyokabidhiwa siku hiyo.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi kichwani. Dunia nzima ilitazama, na bado ushahidi ulikatika kwenye namba ya bunduki. Kuwa na picha hakutoshi. Lazima pawe na mtu aliyeandika ilipigwa na nani, wapi, saa ngapi, ikapitia mikononi mwa nani mpaka ikafika hapa, na kwamba haikuguswa. Watunza nyaraka wamekuwa wakiidai habari hiyo kwa kila karatasi tangu zamani. Kwenye mtandao tuliitupa, tukabaki na picha zinazoelea bila wazazi.

Katika wiki hizohizo Ory Okolloh, aliyekuwa amerejea Afrika Kusini baada ya kupiga kura Kenya, alitoa wito kwa mafundi wa kompyuta: nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali watu wanapouawa, wanapobakwa, wanapofukuzwa? David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman walikuwa miongoni mwa walioitikia. Katika siku chache ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Mwananchi alituma ujumbe wa simu au wa barua pepe, taarifa ikakaguliwa, ikawekwa kama nukta kwenye ramani. Kondele, Nyalenda, Manyatta na mitaa mingine ya Kisumu ikaonekana ulimwenguni huku televisheni za Nairobi zikiwa zimezuiwa kutangaza moja kwa moja. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Kobia alikuwa pia mwanzilishi wa Mashada, jukwaa lililokusanya Wakenya wengi wa nyumbani na ughaibuni. Januari 2008 matusi ya kikabila yalilijaza kiasi kwamba likafungwa, na badala yake akafungua ukurasa ulioitwa I Have No Tribe, ambapo watu waliandika na kukataa kugawanywa. Kulifunga lilikuwa jambo la haki wakati huo. Moto ulikuwa ukiwaka na maneno yale yalikuwa petroli. Lakini mwanahistoria atakayeuliza chuki ya 2008 ilisemwaje, kwa maneno gani, na akina nani walijitokeza kuipinga, atahitaji kuyaona maneno yale pia. Kuyaondoa yasisomwe na mwenye hasira leo na kuyafungia yasomwe na mtafiti baada ya miaka 30 ni mambo mawili yanayoweza kufanyika pamoja. Hifadhi za nyaraka zimekuwa zikifunga mafaili nyeti kwa miongo bila kuyachoma.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizaliwa kutokana na vurugu hizo, kwa sheria ya mwaka 2008. Ilipewa kazi ya kuchunguza kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 28 Februari 2008. Ilikusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000, na mwaka 2011 ikaketi Kisumu kuwasikiliza wakazi. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita tangu ile Jumamosi ya hospitali. Wazee walizungumza, maneno yakaandikwa, na ripoti ikakabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013.

Ripoti hiyo iliingia ugomvini kabla wino haujakauka. Makamishna watatu wa kigeni, Slye, Berhanu Dinka na Gertrude Chawatama, walisema sura ya ardhi ilibadilishwa kwa shinikizo kutoka Ikulu, wakakataa kuikubali. Hazina ya Seattle ilihifadhi hata hayo: ripoti iliyotangazwa na pia nyaraka za mzozo wenyewe, msomaji alinganishe. Hapo ndipo kazi ya hifadhi inapoonekana. Tovuti ya serikali, hata ikidumu, huonyesha toleo la mwisho. Hifadhi huonyesha lililokuwepo kabla.

Nani basi anayehifadhi kurasa za mtandao wenyewe? Mkubwa wao ni Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Programu zake huzunguka mtandaoni zikifuata kiungo baada ya kiungo, zikichukua kila ukurasa pamoja na picha zake na kuuweka katika faili lenye tarehe na saa ya kuchukuliwa. Umbizo la faili hilo, WARC, limekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2009. Mwaka 2001 hazina hiyo ilifunguliwa kwa umma kwa jina la Wayback Machine, na Oktoba 2025 ikatangaza kufikisha kurasa trilioni moja. Mwaka 2002 Maktaba ya Alexandria, Misri, ilipokea nakala yake, Afrika ikawa mlinzi wa kumbukumbu za dunia walau kwa muda. Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara: Oktoba 2024 wadukuzi waliivamia Internet Archive, ikazimika kwa siku kadhaa.

Lakini programu hizo zina mipaka. Ramani ya aina ya Ushahidi huchorwa papo hapo kwa kuitisha data kutoka kwenye seva. Nakala iliyohifadhiwa inaweza kubaki na fremu na kichwa cha habari, nukta zote zikiwa zimepotea. Kundi la WhatsApp haliwezi kuingiwa. Video ikifutwa na kampuni inayolimiliki jukwaa, imekwenda. Wanaharakati wa Syria walijionea hilo mwaka 2017, YouTube ilipoondoa video nyingi za vita kwa mashine zisizojua tofauti ya mhalifu na shahidi. Na kurasa za kawaida hufa kila siku kwa sababu ndogo kabisa: ada ya mwaka ya kikoa haikulipwa, wizara imeunganishwa na nyingine, gavana mpya ameajiri fundi mpya. Taasisi ya Pew ya Marekani ilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mwaka huo wa 2013 ndio kaunti zetu zilipoanza. Karatasi za ofisa wa wilaya wa mwaka 1910 zina nafasi nzuri ya kusomwa kuliko tangazo la kaunti la miaka kumi iliyopita.

Sheria yetu haijafika huko. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, humtaka mchapishaji awasilishe nakala za anachochapa. Iliandikwa kwa ajili ya matbaa. Denmark, Ufaransa na Uingereza zilikwisha kuziongezea maktaba zao za taifa mamlaka ya kukusanya kurasa za mtandao wa nchi zao, Uingereza ikifanya hivyo mwaka 2013. Mahakama zetu, kwa upande mwingine, zimetangulia: tangu 2009 kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilitolewaje na kwa mashine gani. Serikali inamdai mwananchi uthibitisho wa ukurasa ambao haijamwekea mtu wa kuutunza.

Wala hatuwezi kusema hatuna uwezo. Shirika la Kenya Law limeweka hukumu za mahakama mtandaoni bure, na Gazeti Rasmi la Serikali, kuanzia matoleo ya enzi za ukoloni, lilipigwa skani kwa ushirikiano na Google hadi likasomeka popote. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka hadharani fomu za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229, na vijana wenye kompyuta za kawaida wakazipakua na kuzijumlisha usiku kucha. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni taasisi ya ziwani inayosema: kazi hii ni yetu.

Kwa maoni yangu taasisi hiyo iwe Chuo Kikuu cha Maseno, chenye historia ndefu ya utafiti wa Nyanza, kikishirikiana na maktaba ya taifa tawi la Kisumu. Ianze na vitu vinavyoshikika. Ripoti nzima ya Tume ya Ukweli huenea kwenye flashi moja. Ikusanye video za Kondele za 2008, za uchaguzi wa 2017 na za maandamano ya 2024 kutoka kwa wenyewe, kila moja ikiwa na jina la aliyeipiga, likiwa limefungwa pale ambapo usalama wake unahitaji, na ikiwa na alama ya kidijitali itakayogundua hata herufi moja ikibadilishwa. Iombe Syracuse nakala za skani za maikrofilamu za Nyanza. Iihifadhi tovuti ya kaunti kila robo mwaka, anayetawala awe nani.

Nawe msomaji uliyepiga picha Nyalenda au Manyatta siku ambayo hutaisahau: usiiache kwenye simu na mtandaoni tu. Ihamishe kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Andika tarehe, saa, mtaa na jina lako, na usiikate wala kuipamba ile ya asili. Ukurasa unaokuhusu, uombe uhifadhiwe kwenye Wayback Machine. Ni bure, na unaweza kufanya hivyo kutoka saiba yoyote ya Kisumu. Fanya wiki hii.